Boti ya jioni Dunga: ukiondoka saa 11:30 umechelewa

Ufuoni Dunga, kusini mwa jiji la Kisumu, boti za wageni huuzwa kwa neno moja: machweo. Utaambiwa njoo saa 11:30, mtaona viboko, mtaona jua likizama, kisha mtarudi. Kwa anayetaka picha yake mbele ya jua jekundu, mpango huo unatosha kabisa. Anayekuja na darubini na lenzi ndefu atarudi nyumbani na vivuli. Tathmini hii ni ya huduma hiyo ya boti jinsi inavyotolewa ufuoni kwa jumla, si ya boti moja wala kikundi kimoja, na tumewaandikia watu wa ndege.

Uamuzi wetu tunautoa mapema. Ikipangwa vizuri, hii ni jioni ambayo mpenda ndege hataipata kwa urahisi huu kwingine magharibi mwa Kenya. Ikipangwa vibaya, ni saa moja na nusu ya kelele za injini. Ubora wa boti una nafasi yake, ustadi wa nahodha pia, lakini kinacholeta tofauti kubwa kuliko vyote ni saa ya kuondoka.

Kinachoipa Dunga thamani ni mafunjo, ile mimea mirefu ya kinamasini. Kwazi, yule tai mla-samaki, na yangeyange utawaona karibu kila ziwa la nchi hii, bali kuna kundi dogo la ndege wasioishi ila ndani ya mafunjo au pembeni mwake, na ndio wanaowatoa watu Nairobi, Nakuru na hata ng'ambo. Kuna tiva wa mafunjo, kuna chiriku wa mafunjo, kuna wale ndege wadogo wa kahawia na wa manjano hafifu waimbao bila kuonekana, na kuna yule mkamata-nzi wa kinamasini mwenye koo jeupe na ukanda wa kahawia kifuani. Dunga imeorodheshwa kimataifa kuwa eneo muhimu la ndege, pamoja na vinamasi vya Koguta, Kusa, Yala na Sio Port kwenye upande wetu wa Ziwa Victoria. Tofauti ni kwamba hivyo vingine vinahitaji safari ya kupanga siku nzima, na Dunga unafika kwa bodaboda kutoka katikati ya jiji, ukipita hifadhi ya Impala na Hippo Point.

Sasa saa. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo machweo hayahami sana: mwanzoni mwa Novemba jua huzama kama saa 12:28 jioni, na katikati ya Februari hukaribia saa 1:00. Likishazama, giza halichelewi. Una dakika kama 20 za mwanga wa kuona njia, basi. Ukiondoka ufuoni saa 11:30, ukatumia dakika 15 kuvaa majaketi na kuwasha injini, kisha boti ikakupeleka moja kwa moja kwa viboko, unafika kwenye mafunjo jua likiwa limeshuka mno na mashina ya mbele yakitupa vivuli kwenye ya nyuma. Ndege watakuwepo, utawasikia pande zote, lakini kamera haitapata kitu.

Saa ya kuondoka ni 10:30. Hapo kuna pingamizi moja la haki, nalo ni upepo. Mchana upepo wa ziwa huvuma kutoka magharibi na kusini-magharibi kuingia ghubani, na saa 10:30 mara nyingi bado haujatulia. Mawimbi hayawi ya kutisha siku ya kawaida, ila yanatosha kuyumbisha lenzi ya milimita 500 na kukurushia maji. Ndiyo sababu manahodha wengi hupenda saa 11:30, na hawakosei kwa upande wao. Dawa yake ni kutoanza na ukingo wa mafunjo. Dakika 40 za kwanza zitumike karibu na ufuo na kwenye vijito na vihori vilivyoingia ndani ya mafunjo, ambako upepo haufiki. Huko mdiria wako kazini, sile-maua wanatembea juu ya majani kwa vile vidole vyao virefu, na korongo domo-wazi wanatafuta konokono. Ikifika saa 11:15 hivi upepo huanza kufa. Mara tu mafunjo yanapoacha kutikisika, tiva huanza kuitana. Kutoka hapo mpaka saa 12:15 ndiyo saa ya dhahabu ya Dunga, na mtu aliyeondoka saa 11:30 huipoteza nusu yake akiwa bado anatafuta mahali pa kuweka mkoba.

Jambo la pili ni upande wa kukaa, ambalo sijui kwa nini halitajwi na waongozaji wengi. Kinamasi kinaenea kusini-mashariki mwa ufuo wa Dunga. Boti ikielekea huko, mafunjo yako mkono wa kushoto na jua liko nyuma yako, mgongoni. Ikirudi, mafunjo yako kulia na jua liko mbele, linakupiga machoni. Kwa hiyo picha za ndege wa mafunjo hupigwa wakati wa kwenda, ukiwa umeketi kushoto, tena mbele. Wakati wa kurudi funga kazi hiyo, geukia magharibi upige maumbo meusi ya mnandi, mashua za wavuvi na milolongo ya yangeyange. Tofauti ya miezi nayo ipo: Desemba na Januari jua huzama upande wa kusini zaidi, mwanga unaangukia ukingo wa mafunjo karibu usoni kabisa, Juni na Julai linazama upande wa kaskazini na mwanga unakuja ubavuni, wenye vivuli zaidi. Picha za Juni zina umbo zuri, ila zinataka uvumilivu.

Kuhusu boti zenyewe. Nyingi ni za mbao, zenye mabenchi ya kukatiza, baadhi zina paa la turubai. Paa ni rafiki wa mgeni wa mchana na adui wa mpiga picha: kwazi akipita juu unaona turubai. Omba boti isiyo na paa, au lililokunjwa, au chukua benchi la mbele kabisa lililo nje ya kivuli chake. Watu watatu wenye kamera kwenye boti ya watu kumi ni kiasi kizuri. Wakizidi watano, kila mmoja akisimama boti inalala upande, na picha za wote zinaharibika pamoja.

Tazama chini kabla hujaweka mkoba. Boti ya mbao huvuja kidogo kidogo, si kasoro, ndivyo ilivyo, na maji hukusanyika sakafuni. Utaona mtungi wa plastiki uliokatwa nusu ukielea humo. Huo ndio wa kuyachotea. Mkoba wa kamera uliowekwa sakafuni saa 10:30, saa 11:30 umelowa chini bila mwenyewe kujua, hasa injini inapoongezwa kasi na maji yote kukimbilia nyuma. Weka mkoba juu ya benchi, ndani ya mfuko wa plastiki mzito, na ufunge mkanda wake kwenye ubao. Kwa kamera yenyewe, mfuko wa plastiki uliotobolewa mbele kwa ajili ya lenzi na kufungwa kwa mpira unatosha kabisa. Maji ya ziwa hayana chumvi kama ya Mombasa, ila yana mwani, na tone likikaukia kwenye kioo huacha doa la kijani linalotaka kitambaa laini chenye unyevu. Usilisugue likiwa kavu.

Miguu mitatu ya kamera (tripodi) iache nyumbani. Ndani ya boti inachukua nafasi, na kibaya zaidi inabeba mtetemo wa ubao moja kwa moja hadi kwenye kamera. Kuegemeza lenzi kwenye ukingo wa boti wakati injini inanguruma ni kosa hilohilo. Mkono, viwiko vikibana mbavu, ndio tegemeo bora. Mwenye lenzi nzito abebe mfuko mdogo wa mchele au maharagwe na auweke juu ya goti, si juu ya mbao. Darubini nayo, chukua ya 8x42 badala ya 10x42: kwenye boti inayoyumba ukuzaji wa mara kumi unakuza na mtikisiko, na jioni ile ya nane inaingiza mwanga zaidi machoni.

Injini ndiyo tunayoilalamikia kuliko yote. Nahodha mzuri huizima mita 40 au 50 kabla ya mafunjo, akaiacha boti iteleze, kisha akashika kafi au mti mrefu wa kusukumia. Asiyezoea watu wa ndege huiacha ikinguruma polepole, akidhani anakusaidia kwa kukusogeza. Moshi unakufikia, mtetemo unaua picha, na chiriku wa mafunjo, ambaye sauti yake ni ndogo, humsikii kabisa. Lisemeni hilo ufuoni kabla ya kupanda, kwa maneno haya haya: tukifika kwenye mafunjo, zima, tumia kafi. Hatujapata kuona nahodha akikataa. Tatizo ni kwamba wageni hawaombi.

Halafu kuna gugumaji, mmea unaoelea juu ya maji. Limekuwa ghubani tangu miaka ya 1990, na upepo wa mchana huweza kulisukuma lote likajaa upande wa Kisumu, likaziba hata mahali pa kupandia boti. Asubuhi hakuna, jioni ni uwanja wa kijani. Boti ikiingia humo, mashina hujizungusha kwenye propela mpaka inashindwa kuzunguka, na mizizi huziba tundu la kuvutia maji ya kupoza injini. Dalili ni rahisi kuona. Injini nzima hutema kijimkondo cha maji nyuma, chembamba kama kalamu. Kikikatika, injini haipozwi, na nahodha anayeendelea anaiunguza. Anayejua kazi huzima palepale, huinamisha injini mbele hadi propela itoke majini, hukata mashina kwa kisu na kuchomoa mizizi kwa kidole. Dakika tano. Kabla ya kulipa, uliza gugumaji liko wapi leo na kama kuna panga au kisu ndani ya boti. Kama ukingo wote wa mafunjo umezibwa, ahirisha. Ukisukumana na gugumaji saa nzima huoni tiva.

Haitakuwa haki kulisema gugumaji kwa ubaya mtupu, maana kwa ndege ni meza. Kongoti na yangeyange husimama juu yake kuvua, sile-maua hutembea juu yake, na mdiria mdogo wa buluu mwenye mdomo mwekundu hukaa kwenye ua lake la zambarau, nusu mita tu juu ya maji. Akiwa na mdomo mweusi, huyo ni kinda. Ukimpata juu ya ua, shusha kamera hadi karibu na usawa wa maji, hata kama ni kuinama juu ya ukingo, mwenzako akikushika mkanda wa jaketi. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama humwonyesha mgongo tu na maji ya kijani nyuma yake.

Mdiria mweusi na mweupe ndiye anayefundisha watu kupiga picha. Yuko mwingi, hajali boti, na hufanya jambo moja tena na tena: hupanda mita tano au zaidi juu ya maji, anasimama hewani akipiga mabawa, kichwa kimetulia kabisa kama kimetundikwa kwa uzi huku mwili wote ukitikisika chini yake, kisha anaanguka. Dume ana mikanda miwili kifuani, jike mmoja tena uliokatika katikati. Anaposimama hewani ndipo pa kufokasi. Wengi husubiri adondoke ndipo wabonyeze, nao hupata maji yaliyorushwa. Weka fokasi ya kufuata mwendo, kasi ya shata 1/2000 au zaidi, fyatua mfululizo kuanzia pale anapokunja mabawa. Saa 11:00 kwenye jua safi, tundu la lenzi f/6.3 na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 1000 hukupa kama 1/2000. Wingu likipita, panda hadi ISO 2000 bila kuogopa. Picha yenye chengachenga husafishika, picha iliyotikisika haisafishiki.

Rangi nyeupe zina shida yake. Yangeyange akiwa mbele ya mafunjo ya kijani kizito, kamera hulipima lile giza la nyuma na kumfanya ndege awe karatasi tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Shusha mwanga kwa theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga wa picha), au stopu nzima. Mnandi mweusi juu ya maji yanayong'aa ni kinyume: pandisha theluthi mbili hadi moja. Ikifika saa 12:30, ndege yuko kivulini na hata ISO 3200 hukupa 1/500 tu kwa f/6.3, ambayo inamtosha ndege aliyetua, haimtoshi anayeruka. Hapo ndipo pa kuacha rangi na kwenda kwenye vivuli: pima anga, si ndege.

Na tiva wa mafunjo mwenyewe? Kwanza usimchanganye na ndugu yake. Bustani za Kisumu zina tiva kichwa-cheusi, mweusi juu na mwekundu mzima kuanzia kooni hadi tumboni, na wageni wengi humwona Milimani au Impala wakadhani wamemaliza kazi. Wa mafunjo ana utosi wa manjano ya dhahabu, jicho jeupe, na mstari mweupe kwenye bawa. Wekundu wa kifua chake una urangi wa machungwa. Ana urefu wa sentimita 18 au 19, na haishi nje ya mafunjo. Wanaishi wawili wawili na huimba kwa kupokezana: mmoja hutoa mlio mzito wa mviringo, mwenzake anamjibu papo hapo, hadi sikio linadhani ni ndege mmoja. Ukisikia, usitazame kwenye vichwa vya mafunjo vilivyochanua, ambako kila mtu hutazama. Huko ni kwa chiriku na kwera. Tiva husafiri kwenye kimo cha theluthi moja hadi nusu ya shina, akiruka kutoka shina hadi shina, na hujitokeza ukingoni kwa sekunde mbili tatu. Chagua pengo moja kati ya mashina karibu na sauti, fokasi shina la mbele kwa mkono, subiri. Fokasi ya kamera yenyewe hapa haina msaada. Inashika kila shina isipokuwa ndege. Kwa picha kumi, moja itakuwa na jicho. Hiyo moja inatosha.

Yule mdogo wa manjano hafifu wa mafunjo, ambaye IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemweka kati ya walio hatarini kutoweka, ni wa bahati kuu. Tiva naye yuko kwenye daraja la karibu na hatari. Sababu ni ileile kwa wote wawili: mafunjo yanakatwa, yanachomwa, yanalimwa. Ukataji wa mikono kwa ajili ya mikeka, vikapu na viti ni riziki ya watu wa Dunga, na ukifanywa kwa kuacha sehemu zilizokomaa zikisimama, mafunjo hurudi yenyewe. Moto na jembe ndivyo visivyosameheka. Kwa mpiga picha kuna jambo la moja kwa moja hapa: tiva hutaka mafunjo marefu na mazito, kwa hiyo ukiona sehemu mpya iliyochipua, ya kimo cha mtu, usipoteze muda hapo. Chiriku habagui sana, na unaweza kumpata hata kwenye kingo zilizovurugwa.

Kuna desturi mbili ambazo zinashusha alama za huduma hii. Ya kwanza ni samaki wa kutupwa. Utaulizwa kama unataka kununua samaki wadogo ili kwazi aitwe kwa mluzi, na kwa baadhi ya maziwa ya Kenya samaki huyo huchomekwa kipande cha mti mwepesi au funjo tumboni ili aelee. Kwazi anashuka, picha ni ya kuvutia, hatukatai. Lakini kwazi anakula kijiti, na kwa muda anajifunza kufuata boti. Kwazi wa Dunga huvua mwenyewe jioni, hasa karibu na nyavu zilizotegwa, na akiwa juu ya mti mkavu anaegemea mbele na kuacha kinyesi sekunde chache kabla ya kuruka. Hiyo ndiyo ishara yako; inua kamera. Ya pili ni sauti za simu. Kupiga mlio wa tiva kwa spika humleta ukingoni mara ya kwanza, kwa sababu anadhani amevamiwa. Ukiendelea, anaacha kulisha makinda na kuzunguka akitafuta adui asiyepo. Msimu wa kutaga, mkataze mwongozaji tangu mwanzo.

Usalama una sehemu ya kusifiwa na ya kukemewa. Majaketi ya kuokolea maisha hutolewa, na hilo ni zuri. Mengi vifungo vyake vimevunjika, na hilo si zuri. Jaribu kufunga na kufungua kabla hujakaa, na likiwa halifungi omba jingine. Lenye mikono mipana huzuia kiwiko cha mpiga picha, na watu hulivua. Lifungue kidogo mabegani, usilivue. Viboko hujificha kwenye kingo za mafunjo mchana na huanza kutoka kwenda malishoni giza likiingia, wakipita njia zilezile. Kwenye pengo la mafunjo lenye tope lililokanyagwa, boti isikae katikati ya pengo na maji wazi. Hiyo ni njia yao. Nahodha anayekusogeza karibu ili upate picha ya meno hakufanyii hisani.

Mvua nayo. Mawingu ya alasiri hujengeka juu ya milima ya Nandi na Kericho, kisha jioni hushuka kuja ziwani. Kwa hiyo anga ya magharibi inaweza kuwa safi kabisa, mbele ya kamera yako, na dhoruba ikawa mgongoni. Kila robo saa geuka utazame mashariki. Ukiona ukuta mweusi na upepo umegeuka ghafla ukawa baridi kutoka nchi kavu, safari imekwisha, hata kama tiva yuko wazi juu ya shina. Miezi ya Machi hadi Mei hilo hutokea mara nyingi. Upande mwingine, kuanzia Oktoba hadi Aprili kuna wageni kutoka Ulaya na Asia: buabua bawa-jeupe wanaookota wadudu juu ya maji, na mbayuwayu kwa makundi. Januari na Februari, mvua ikiwa chache na wageni wakiwepo, ndio wakati tunaoupendekeza kwanza.

Bei tuiseme kwa namna ya kuipatana, kwa kuwa hupanda na kushuka na petroli. Kosa kubwa ni kukubali bei ya mtu mmoja mmoja kwa safari. Bei hiyo imekadiriwa kwa mzunguko wa viboko na machweo, na nahodha akishamaliza mzunguko ana haki ya kurudi. Kodi boti nzima kwa saa, saa mbili na nusu, na mwongozaji wa ndege alipwe kando na nahodha. Injini ikizimwa mafuta hayaliwi, na hiyo ni hoja halali ya kupunguziwa. Mwongozaji mjaribu hapohapo ufuoni: muulize tiva wa mafunjo na tiva kichwa-cheusi wanatofautianaje. Akikujibu kwa mlio kabla ya rangi, umempata.

Fika nusu saa kabla. Pale mama karanga wanapopaa na kukaanga ngege na mbuta, fundichuma na marabu husubiri matumbo ya samaki hatua tatu kutoka kwako, na fundichuma kwa karibu vile, na ule mdomo wake na kishungi cha nyuma, ni picha ambayo maeneo mengine watu huitafuta siku nzima. Lenzi ya milimita 200 inatosha. Piga ukiwa umechuchumaa, na muombe ruhusa mama kabla meza yake haijaingia kwenye picha yako. Wengi hukubali, hasa ukiagiza samaki wa kula ukirudi. Agiza kabla ya kupanda boti, useme utarudi saa 1:00, kwa sababu ukiagiza baada ya kushuka utamsubiri gizani pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata kila taa.

Watu wa Nakuru hutuuliza kama wana haja ya kuja hadi huku. Hifadhi ya Ziwa Nakuru ni ya gari na saa za lango, na tangu maji yalipopanda heroe (flamingo) wamepungua na kutawanyika, wengi wakionekana Bogoria. Nakuru hakuna mafunjo ya namna hii, wala huruhusiwi kukaa juu ya maji hadi jua lizame. Hata hapa ziwa limeshapanda: Mei 2020 kimo chake kilivuka kile cha 1964, na maji yakaingia mbali ufuoni. Kwa hiyo njia za mbao na vibanda vya ukingoni visikupe uhakika. Uliza siku hiyo kipi kinapitika.

Ukirudi, muombe nahodha apunguze kasi ile mita 200 ya mwisho ya mafunjo kabla ya ufuo. Mdiria weusi na weupe hulala pamoja, na saa 12:40 huanza kuingia mmoja mmoja, wakigombania mashina yaleyale, hadi shina moja linapinda kwa uzito wao. Mwanga wa kupiga picha umekwisha. Weka tochi mbali, shusha kamera, chukua ile 8x42.